Mwanao akiuliza kwa nini mwezi umelala, usimnyamazishe

Mtoto wa dada yangu ana miaka minane na anasoma darasa la tatu. Wiki chache zilizopita alirudi nyumbani kwao Kariakoo na daftari lenye mchoro wa usiku: nyumba, mnazi, nyota tano na mwezi mwandamo. Mwezi aliuchora umelala chali, ncha zake mbili zikitazama juu, kama mtumbwi. Juu yake palikuwa na alama ya kosa kwa wino mwekundu. Pembeni mwalimu alikuwa ameuchora upya, umesimama wima kama ule wa kwenye vitabu.

Mtoto hakulia. Aliuliza tu: "Mama, mbona mimi nauona umelala?"

Dada yangu siku hiyo alikuwa amesimama dukani tangu saa 2 asubuhi. Akajibu kama watu wazima wengi tunavyojibu tukiwa tumechoka: "Fuata alichosema mwalimu. Nenda kaoge."

Jioni ileile nilipita kuwasalimia. Dada akanisukumia daftari. "Wewe si ndiye uliyesoma chuo? Haya, mjibu mwanao."

Chuo nimesoma, na kazi yangu ni kuandika habari za afya. Naweza kumweleza mzazi kwa nini asimpe mtoto antibayotiki bila kupimwa. Lakini swali la mwezi sikuwa na jibu lake. Lililonijia haraka kichwani ni kumwambia mtoto kwamba kitabu hakikosei, tuyaishie hapo. Badala yake tulipanda juu ya ghorofa, wanakoanika nguo, tukatazama upande wa magharibi. Mwezi ulikuwa pale juu ya mapaa, mwembamba, umelala chali.

"Mamdogo, umeona?"

"Nimeona," nikamwambia. "Lakini sijui kwa nini uko hivyo. Ngoja nikaulize."

Nikaenda kuuliza. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa ajili ya kila mzazi ambaye ameshawahi kuulizwa swali la namna hii akiwa jikoni, kwenye daladala au kitandani usiku, akajikuta anatafuta namna ya kulikwepa.

Chungwa na tochi ya simu

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, nilienda kwenye baraza moja la kahawa, si mbali na Mtaa wa Msimbazi. Mabaraza haya yanajulikana: kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kashata, drafti, na mabishano ya Simba na Yanga. Mabishano yenyewe hayakai mahali pamoja. Yanaanza na mpira, yanahamia bei ya vitunguu, na kabla hujamaliza kikombe watu wanabishana kama kweli binadamu alifika mwezini.

Niliwasalimia wazee, nikaweka daftari kwenye benchi. Mmoja akasema mwezi hulala mvua ikiwa karibu. Mwingine akasema mchoro wa kitabu ndio sahihi, maana vitabu huandikwa na wataalamu. Wa tatu ni mwalimu wa fizikia aliyestaafu, ambaye ameniomba nisimtaje jina. Yeye hakuingia kwenye ubishi. Alinunua chungwa kwa kijana mwenye toroli, kisha akaniomba simu yangu.

"Hili chungwa ni mwezi," akasema. "Tochi ya simu ni jua. Mwezi hauna taa yake, binti yangu. Unang'aa ule upande unaolitazama jua tu."

Akamulika chungwa kutokea kando. Upande mmoja ukang'aa, na ukitazama kwa pembe fulani unaona umbo la mwezi uliosimama wima. "Hivi ndivyo mtoto wa Ulaya anavyouona. Kwao jua huzama kwa kuserereka pembeni, kama ndege inayotua. Likishapotea machoni linakuwa chini kidogo na kando ya mwezi, linaumulika ubavuni."

Kisha akashusha simu chini ya chungwa. Nuru ikapanda kutoka chini, na umbo likalala chali. "Sisi tuko karibu na ikweta. Huku jua huzama karibu wima, kama ndoo inayoshuka kisimani. Ikifika saa 1 jioni liko chini ya mwezi. Likiumulika kutokea chini, mwezi unakuwa mtumbwi."

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Kuna miezi ambayo mwandamo wetu huinama kidogo upande mmoja, lakini hausimami kama ule wa vitabuni. Na kwa sababu hiyohiyo giza la kwetu huingia haraka. Jua likizama Kariakoo, nusu saa haipiti ila muuza chipsi ameshawasha taa, wakati miji ya kaskazini mwa Ulaya katika majira ya joto hubaki na mwanga wa jioni kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mwalimu wa mtoto kakosea?" akauliza yule wa mvua.

"Hajakosea," akajibu mstaafu. "Hajatoka nje kuangalia."

Baada ya hapo maswali hayakukatika. Kijana mmoja alitaka kujua kwa nini Idd haitulii kwenye tarehe moja kama Krismasi. Mwalimu akamhesabia kwa vidole: mwezi wa kuandama huwa na siku 29 au 30. Miezi 12 ya namna hiyo inafanya siku kama 354, pungufu ya siku 11 hivi kwa mwaka wa kalenda ya ukutani. Ndiyo maana kila mwaka Idd hutangulia kwa siku hizo 11, na mtu akiishi miaka ya kutosha ataifunga Ramadhani wakati wa masika, wakati wa kipupwe na wakati wa joto la Desemba.

Nilikuwa nimekwenda na swali moja, nikaondoka nimejibiwa matatu. Nilichokumbuka zaidi njiani ni kwamba kwenye baraza lile hakuna aliyechekwa kwa kuuliza, hata yule wa mvua.

Swali lililochekwa darasani

Mchoro wa mwezi ulinikumbusha kisa cha mwanafunzi mwingine wa Kitanzania, ambaye jina lake leo liko kwenye vitabu vya fizikia vya dunia nzima.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanachanganya na sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanaweka kwenye friza. Siku moja nafasi kwenye friza ilikuwa inagombaniwa. Mwenzake mmoja aliweka maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaweka yake yakiwa bado ya moto.

Baada ya saa moja na nusu walirudi kuangalia. Maziwa ya Mpemba, yaliyoingia ya moto, yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia imekuwaje. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba alinyamaza, lakini hakulisahau. Baadaye alipata habari kwa rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga kwamba nao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto, kwa sababu huganda upesi.

Alipofaulu kwenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo ikawa mzaha wa darasa: kila akikosea hesabu, wenzake na mwalimu wanamwambia hiyo ni ya Mpemba.

Fikiria huyo ni mwanao. Watoto wengi wangeishia hapo, na pengine wasingenyosha mkono tena hadi wamalize shule. Yeye alikwenda maabara mlango ulipokuwa wazi, akajaribu mwenyewe kwa maji ya moto na ya baridi. Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki. Mgeni huyo, Dkt. Denis Osborne, alikuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja kikiwa na nyuzi joto 35 na kingine 100, ukaviweka kwenye friza, kile cha 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake waliona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne hakumcheka. Alimuuliza kama ana hakika, akaahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Akarudi, akalijaribu, na matokeo yakaonyesha kwamba kijana hakuota. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la *Physics Education*. Jambo hilo sasa huitwa Athari ya Mpemba.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni kwamba ubishi wenyewe haujaisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi kwa atakayetoa maelezo bora ya jambo hilo, na majibu zaidi ya 22,000 yakamiminika. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo kwa makini, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba athari hiyo ipo kweli. Wengine wanaendelea kupima. Swali la kijana wa aiskrimu wa Lushoto limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya nusu karne.

Chuo ambacho Osborne alitoka kilianzia hapahapa jirani na Kariakoo. Mwaka 1961 kilifungua milango kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Ukipita Lumumba na mwanao, una kisa cha kumsimulia.

Maswali ya Feri

Jumamosi iliyofuata nilimchukua mtoto, tukaenda Kivukoni. Nilitaka kumpa jibu la mwezi mahali anapoweza kuuona ukifanya kazi.

Tulifika Feri maji yakiwa yametoka. Ngalawa zilikuwa zimelala kwenye mchanga. Swali la kwanza likaja kabla hatujavuka barabara: "Mamdogo, maji yameenda wapi?"

Tulimuuliza mvuvi mzee aliyekuwa akishona wavu. Baada ya shikamoo na marahaba, alicheka kidogo, akamwambia mtoto: "Mjukuu wangu, maji yanaitwa na mwezi."

Na ndivyo ilivyo. Mwezi huivuta dunia, na huyavuta zaidi maji yaliyo upande wake. Maji hayo huinuka. Upande wa pili wa dunia, ambako mvutano ni mdogo zaidi, maji hubaki nyuma nayo yakainuka. Dunia inapozunguka, pwani yetu hupita kwenye miinuko hiyo miwili, ndiyo maana maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Mwezi nao unasogea, kwa hiyo saa za maji kujaa huchelewa kwa dakika kama 50 kila siku.

Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, jua nalo huvuta kwa mstari mmoja na mwezi, tunapata bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana. Hapa Dar es Salaam tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, karibu kimo cha dari ya nyumba. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake, tunapata maji mafu. Mvuvi yule hakuhitaji kitabu cha fizikia kuyajua haya. Anautazama mwezi, anajua kesho atoke saa ngapi.

Swali la pili lilikuja tulipopanda pantoni kwenda Kigamboni. Magari yalikuwa yamejipanga, watu wamejaa, na bado chombo kinaelea. "Msumari ni chuma unazama. Pantoni ni chuma, mbona haizami?"

Hili nilikuwa nalikumbuka tangu sekondari. Chombo huelea kikiweza kusukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Pantoni ina uwazi mkubwa ndani, kwa hiyo husukuma maji mengi kabla haijazama. Msumari ni chuma kitupu, husukuma maji kidogo tu. Nyumbani jaribio lake linahitaji beseni, sufuria na kijiko. Sufuria tupu itaelea, kijiko kitazama, ingawa sufuria ni nzito kuliko kijiko. Kisha mwache mtoto aongeze mchele taratibu kwenye sufuria mpaka izame. Hapo utakuwa umemweleza pia kwa nini chombo cha majini hakitakiwi kupakia kupita kiasi, na kwa nini akiambiwa asubiri pantoni inayofuata asibishe.

La tatu lilikuja usiku tukirudi kwa basi la mwendokasi: mwezi unatufuata. Kila mtoto huuliza hili. Jibu ni umbali. Nguzo ya taa iko karibu, kwa hiyo ukisogea inabaki nyuma mara moja. Mwezi uko mbali, takriban kilomita 384,000. Ndege ya abiria inayokwenda kilomita 900 kwa saa ingehitaji karibu siku 18 bila kusimama kuumaliza mwendo huo. Ukitoka Kivukoni hadi Kimara hujasogea chochote mbele yake, ndiyo maana unauona palepale.

Wanaoelea, na jina letu angani

Watoto wenye simu za wazazi mkononi wameona video za wanaanga wakielea ndani ya chombo. Wengi huambiwa kwamba huko juu hakuna mvutano. Hata mimi nilifundishwa hivyo, na si kweli.

Kituo cha kimataifa cha anga kiko kilomita 400 hivi juu yetu. Ni kama safari ya basi kwenda Dodoma, ila ni ya kwenda juu. Kwenye kimo hicho mvutano wa dunia bado una nguvu karibu asilimia 90 ya ule wa hapa chini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja muda wote. Chombo hukimbia kilomita kama 28,000 kwa saa, kwa hiyo kila kinapoanguka, dunia nayo inajipinda chini yake, na hakifiki chini. Huizunguka dunia kwa dakika kama 90. Kuna jioni na alfajiri kinapopita juu ya Dar es Salaam na kuonekana kwa macho: nyota ing'aayo, isiyomemeteka, inayotembea kimya kutoka upande mmoja wa mbingu hadi mwingine.

Taa za mjini huficha nyota nyingi, lakini haziwezi kuificha Zuhura, ile nyota kali ya jioni au ya alfajiri, ambayo kwa kweli ni sayari. Mshtarii nayo huonekana hata kutoka juu ya ghorofa la Kariakoo. Na ukienda kijijini likizo, muulize bibi akuonyeshe Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo kilichopewa jina kutokana na kulima. Wakulima walikitumia kama kalenda.

Mwambie mtoto pia kwamba kuna neno la Kiswahili lililorushwa angani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani, jamii ileile ya miale inayotumika hospitali kupiga picha ya kifua au ya mfupa uliovunjika. Vipimo vyake viliwasaidia wanasayansi kukitambua kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho leo huhesabiwa kuwa shimo jeusi: mabaki ya nyota yenye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haitoki.

Swali lisilojaribiwa kwa macho

Hapa narudi kwenye kazi yangu. Maswali mengi ya mbingu unaweza kumwambia mtoto "tazama mwenyewe". La jua, hapana.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na likaonekana kama pete kwa dakika kama 3 huko Rujewa, wilayani Mbarali, Mbeya. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alikuwa miongoni mwa wataalamu waliowaeleza Watanzania kinachotokea. Dar es Salaam sehemu kubwa ya jua ilifunikwa pia. Siku kama hizo wapo wanaotazama kupitia picha ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi, miwani ya jua au beseni la maji. Zote hizo hazimkingi mtu. Zinapunguza mwanga unaochoma macho kwa nje, lakini miale inayounguza ndani ya jicho hupita.

Pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha halina neva za maumivu. Mtoto anaweza kuungua pale asisikie chochote, na saa kadhaa baadaye akaanza kulalamika kwamba anaona doa katikati ya kila anachokitazama. Ukisikia malalamiko hayo mpeleke kliniki ya macho siku hiyohiyo, usimtilie matone ya kununua dukani. Na usisubiri kupatwa kwa jua ndipo umwonye. Ule mchezo wa watoto kushindana nani atalitazama jua muda mrefu una hatari ileile siku yoyote.

Njia salama ipo, na ni nzuri kuliko kutazama moja kwa moja. Toboa tundu dogo kwenye kipande cha boksi, lipe jua mgongo, acha mwanga upite kwenye tundu uangukie karatasi. Picha ya jua itatokea kwenye karatasi. Siku ya kupatwa, hata chini ya mwembe utaona mamia ya majua madogo yaliyomegwa, kwa sababu nafasi kati ya majani hufanya kazi ya matundu. Pete nyingine itapita Tanzania tarehe 21 Mei 2031. Aliye darasa la tatu leo atakuwa sekondari au zaidi, na atakumbuka ulichomfundisha.

Lipo pia jaribio la jua lisilohitaji kulitazama kabisa. Karibu na tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba kila mwaka, jua hupita juu kabisa ya kichwa hapa Dar es Salaam. Simamisha chupa mahali tambarare penye jua. Mwezi Machi itazame saa 6:35 mchana, Oktoba saa 6:10. Kivuli kitapotea chini ya chupa.

Ukikosa jibu

Nilipomwuliza mwalimu mstaafu mzazi afanye nini asipojua, alisema kinachomharibu mtoto si mzazi asiyejua. Ni mzazi anayeona haya kutojua, akafunika haya yake kwa ukali. "Mtoto akikuuliza, kakuamini. Ukimfokea mara tatu, ya nne ataenda kumuuliza mtu mwingine. Na si mambo ya mwezi tu."

Kauli hiyo niliipokea kama mwandishi wa afya. Mtoto aliyezoea kujibiwa "usinisumbue" kuhusu mwezi ndiye huyohuyo ambaye kesho atakuwa na swali kuhusu mwili wake, au kuhusu mtu mzima anayemshika asivyotaka. Mlango anaoutumia kuuliza ni mmoja.

Kwa hiyo ukichoka, sema umechoka, mpangie muda: "Niulize Jumapili." Jumapili ikifika, mkumbushe wewe. Usipojua, sema hujui, kisha mtafute pamoja anayejua: mwalimu, fundi, mvuvi, jirani. Muulize yeye anadhani nini kabla hujamjibu, maana mara nyingi ameshaona jambo ambalo wewe hujaliona. Na likiwa la kujaribika bila hatari, jaribuni.

Dada yangu bado hajaenda shuleni. Anahofia mtoto ataonekana mjuaji, na hofu hiyo wazazi wengi wanaielewa. Ameniambia siku ya wazazi atakwenda na daftari, na chungwa, na atamwomba mwalimu kwa adabu watoke nje jioni moja watazame pamoja. Alama nyekundu haijafutwa.

Lakini mwezi ulipoandama tena, saa 1:10 jioni simu yangu iliita. Alikuwa juu ya ghorofa, nasikia nguo zikipigwa na upepo na mtoto akicheka nyuma yake.

"Umelala," akasema dada. "Kabisa kabisa. Halafu hebu niambie, mbona siku nyingine unaonekana mchana?"

Hilo nilikuwa nalijua. Nikamwambia atafute chungwa.